Maji hufuata chumvi

Kwenye hospitali zetu mgonjwa hujihesabu ametibiwa pale anapotundikiwa dripu. Ndugu wakija kumwona, kitu cha kwanza wanachotafuta kwa macho ni ile chupa inayoning'inia kwenye stendi. Ikiwepo wanatulia. Isipokuwepo, maswali yanaanza. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na msimu wa mvua, watoto wa kuhara wanapojaa mpaka wanalazwa wawili kitanda kimoja, swali hilo nalisikia karibu kila zamu. Mama anapewa pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukorogwa kwenye maji, pamoja na jagi na kijiko. Anaitazama pakiti, ananitazama mimi, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Sista, mwanangu anaumwa kweli. Mwekeeni maji jamani."

Simlaumu. Pakiti haina sindano wala mrija, na dukani bei yake ni ndogo. Ni rahisi kuamini kwamba ni dawa ya kumtuliza mtu asiyekuwa na hela ya dawa yenyewe. Mimi naamini kinyume chake kabisa, na sababu yangu ni osmosisi, ile tuliyofundishwa shuleni kwa kipande cha kiazi na maji ya chumvi, tukaijibu kwenye mtihani, tukaiacha hukohuko.

Tuanze na seli nyekundu ya damu, maana ndiyo inayoonyesha mambo waziwazi. Panga mirija mitatu ya kioo. Wa kwanza utie maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Wa pili utie maji matupu, safi kabisa. Wa tatu utie maji yenye chumvi nyingi, tuseme asilimia 3. Dondoshea kila mmoja damu kidogo, utikise taratibu. Mrija wa kwanza unabaki na wekundu mzito wenye ukungu. Ukiweka gazeti nyuma yake huoni hata herufi moja. Wa pili, ndani ya muda mfupi tu, unageuka mwekundu angavu kama juisi ya rozela iliyochujwa, na gazeti linasomeka vizuri kupitia humo. Mtu asiyejua atadhani huo wa pili ndio mzuri. Kumbe umeng'aa kwa sababu hakuna tena seli za kuzuia mwanga: zimepasuka zote, himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, imemwagika ndani ya maji. Wa tatu unabaki na ukungu wake, lakini chukua tone uliweke chini ya hadubini. Seli zilizokuwa bapa na laini zimenywea, kingo zake zimeota vijimiba.

Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi haupitishi ovyo. Pakiwa na tofauti ya chembe zilizoyeyuka kati ya ndani na nje, maji huelekea upande wenye chembe nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Kwenye mrija wa pili yaliingia mpaka seli zikapasuka. Kwenye wa tatu yalitoka mpaka seli zikasinyaa. Na kinachohesabika ni idadi ya chembe, wala si uzito wake au ukubwa wake. Naomba msomaji alishike hilo, tutalihitaji tukifika kwenye uji.

Aliyeipima hali hii kwenye damu kwa makini alikuwa Mholanzi, Hartog Jakob Hamburger, mwishoni mwa karne ya 19. Aliziweka seli nyekundu kwenye maji ya chumvi ya viwango mbalimbali, akaona kwamba damu ya binadamu inalingana na chumvi ya takriban asilimia 0.9. Namba hiyo mpaka leo imechapishwa kwenye chupa za dripu tunazotundika. Ndiyo maana watu wanaposema "amewekewa maji" mimi huwa najibu, kimoyomoyo, kwamba amewekewa maji na chumvi. Maji matupu yakimiminwa mshipani, hata yawe safi namna gani, yatazifanya seli za damu yale yaliyotokea kwenye mrija wa pili.

Wenye selimundu wanaijua habari hii kwa maumivu. Himoglobini yao, ikikosa oksijeni, hujipanga na kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja seli iwe na umbo la mundu. Seli ikipoteza maji, himoglobini iliyomo hubanana, na inapobanana kidogo tu nyuzi zile huundwa haraka mno. Mtoto wa selimundu anayeharisha na kutapika yuko njiani kuelekea kwenye maumivu makali ya mifupa, na tunapomsisitizia mama yake habari ya kumnywesha mara kwa mara tunazungumzia hali ndani ya kila seli yake moja moja.

Mimea na bakteria wamepewa kinga ambayo sisi hatuna: ukuta mgumu nje ya utando. Mchicha ulionyauka ukiutia kwenye maji unasimama tena, kwa sababu seli zimejaa zikaubana ukuta wake, na ukuta umezizuia zisipasuke. Bakteria naye anaishi kwa ukuta huo, na hapo ndipo penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, inapompatia. Penisilini humharibia ujenzi wa ukuta. Bakteria anaendelea kukua, ukuta unazidi kulegea, na maji yanayoingia kwa osmosisi yanampasua. Kila ninapochoma sindano ya penisilini huwa nafikiria hilo: dawa imebomoa ukuta tu, maji ndiyo yaliyoua. Wavuvi wa pwani wanaopasua samaki na kumpaka chumvi wapate ng'onda wanatumia sheria ileile kwa kuigeuza. Bakteria anayetua juu ya nyama yenye chumvi nyingi hunyang'anywa maji yake, hawezi kuzaana.

Kwa muda mrefu wanasayansi walijiuliza jinsi maji yanavyopita kwa kasi ile kwenye utando ambao kiini chake ni mafuta. Jibu lilipatikana kwenye maabara ya Peter Agre, huko Baltimore, Marekani. Walikuwa wamekutana na protini fulani iliyojaa kwenye seli nyekundu za damu, wasijue kazi yake. Mwaka 1992 walichukua mayai ya chura, ambayo kwa kawaida hukaa majini bila kuvimba kwa sababu utando wake hupitisha maji kidogo sana, wakayapa maelekezo ya kijeni ya kutengeneza protini ile. Kisha wakayatia kwenye maji. Mayai ya kawaida yakakaa yalivyo. Yale yenye protini yakavimba, yakapasuka ndani ya dakika chache. Protini ile ilikuwa kijia cha maji. Ikapewa jina la akwaporini, na Agre akashiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003.

Lakini kijia ni kijia tu. Kinapitisha, hakivuti. Mpaka leo katika seli zetu zinajulikana pampu za sodiamu, za potasiamu, za kalsiamu, zinazokula nishati usiku na mchana, ila pampu ya maji haijulikani. Mwili ukitaka kuyahamisha maji hutanguliza chumvi, au sukari, halafu maji hufuata yenyewe kwa osmosisi. Figo linafanya hivyo, tezi za jasho zinafanya hivyo, na utumbo hasa ndiyo kazi yake. Kwa siku moja lita 8 au 9 za maji hupita ndani ya utumbo wa mtu mzima: kama lita 2 alizokunywa na kula, zilizobaki ni mate, nyongo, maji ya tumbo na ya kongosho. Kinachotoka chooni ni chini ya robo lita. Mengine yote yamerudishwa mwilini, na kila tone limerudi likiwa nyuma ya chumvi.

Sasa tazama kipindupindu kinavyofanya. Bakteria wake hawatoboi utumbo wala hawaukwangui. Wanatoa sumu, sumu inaingia kwenye seli za utumbo, na huko inafungua milango ya kloraidi na kuiacha wazi. Kloraidi na sodiamu ndizo sehemu mbili za chumvi. Kloraidi inamiminika kwenda ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanazifuata zote mbili. Mtu mzima aliyepatwa sana anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Katika kambi ya kipindupindu vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake, na muuguzi anapima kilichomo ndooni, kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele. Mtu aliyeingia asubuhi akiongea, mchana macho yamedidimia, vidole vimekunjamana, sauti imekauka, mapigo ya mkononi huyapati.

Ukimpa mtu huyo maji matupu hujamsaidia sana. Sodiamu yake inaendelea kumwagika, na maji yanayobahatika kuingia yanakuta damu iliyopungukiwa chumvi, yanaizimua zaidi. Seli za ubongo zinajikuta zina chembe nyingi kuliko damu inayozizunguka, zinavuta maji, zinavimba, ilhali fuvu halitanuki. Mtoto aliyeharisha siku nzima akanyweshwa maji matupu mengi anaweza kupata degedege kwa sababu hiyo hiyo, bila malaria yoyote.

Dripu ilizaliwa kutokana na kipindupindu. Ugonjwa ulipoingia Uingereza mwaka 1831, daktari kijana William Brooke O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akaona imepoteza maji na chumvi. Mwaka uliofuata, mjini Leith huko Uskoti, Thomas Latta akathubutu kufanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika: akamtia bibi mmoja aliyekuwa anakata roho maji ya chumvi mshipani. Aliandika kwamba mwanzoni hakuona mabadiliko yoyote, halafu uso uliokuwa umekufa ukaanza kurudi, macho yaliyodidimia yakaanza kung'aa, mapigo yakarejea, na bibi akasema yuko vizuri. Baada ya nusu saa na kama lita 3 za maji, Latta akaona mgonjwa amepona, akamwachia daktari wa hospitali, akaondoka. Kuhara kukarudi. Bibi yule alifariki baada ya saa tano na nusu. Milango ya kloraidi ilikuwa bado wazi. Alihitaji kuongezewa muda wote ule ilipokuwa wazi.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya mtu kuonyesha njia ya pili, na haikutokea kwenye wodi ya kipindupindu. Agosti 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Robert K. Crane alieleza kwamba glukosi, sukari rahisi, haipiti peke yake kwenye seli za utumbo: inaingia pamoja na sodiamu, kwa mlango mmoja. Baadaye ikajulikana kwamba kila molekuli 1 ya glukosi inakwenda na sodiamu 2. Na mlango huo sumu ya kipindupindu haiugusi. Huku milango ya kloraidi imeachwa wazi na chumvi inamwagika, mlango wa sukari na sodiamu unaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mpe mgonjwa sukari peke yake, sodiamu ya kuisindikiza haitoshi. Mpe chumvi peke yake, inabaki nje. Mpe vyote viwili kwa kipimo, vinaingia pamoja, na maji yanavifuata.

Mwaka 1968 mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa mchanganyiko huo walihitaji dripu chache mno kuliko wengine. Hata hivyo madaktari wengi hawakuamini mpaka mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walipojazana Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na glukosi zipimwe na kufungwa kwenye mifuko, zikorogwe kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wenyewe ndio wanyweshe. Vifo, vilivyokuwa vinafika karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Mimi naondoa hiyo "huenda". Ninapoyasoma ya Bangaon, kinachonigusa zaidi ni kwamba mikono iliyookoa ilikuwa ya akina mama na dada waliokaa sakafuni na vikombe, kama wanaokaa wodini kwangu.

ORS ya siku zile haikuwa hii ya leo. Fomula ya kwanza ilikuwa na jumla ya chembe 311 kwa kipimo cha milimosmoli kwa lita, na damu yetu ina kama 290. Kwa hiyo utumbo ulipopokea mchanganyiko ule, maji kidogo yalitoka mwilini kuufuata kabla hayajaanza kurudi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na glukosi, jumla ikawa 245, chini kidogo ya damu. Watoto wakatapika kidogo kuliko awali, kuhara kukapungua, na waliolazimika kuwekewa dripu wakapungua kwa karibu theluthi moja. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Walipunguza chembe, osmosisi ikafanya mengine.

Ukiijua hesabu hii, unaweza kukipima chochote kinacholetwa wodini na chupa. Soda ina sukari karibu gramu 100 kwa lita, ORS ina gramu 13.5, na sodiamu ya soda ni kidogo sana. Mtoto anayeharisha akinyweshwa soda, ile sukari inavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuhara kunazidi. Juisi za pakiti ni ndugu zake. Madafu, ambayo sisi watu wa pwani tunayaamini kwa kila kitu, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu haba. Kwa kuhara kidogo hayana neno pamoja na chakula, ila mbele ya kipindupindu hayatoshi.

Uji ni habari nyingine, na hapa ndipo lile la idadi ya chembe linaporudi. Wanga wa mchele ni molekuli kubwa mno, glukosi nyingi zilizoshikana. Gramu 50 za unga wa mchele kwenye lita ya maji zina chembe chache kuliko gramu 13.5 za glukosi, kwa hiyo uji mwepesi hauyavuti maji kwenda utumboni. Kadiri wanga unavyosagwa na vimeng'enya, glukosi zinafunguka kidogo kidogo na kupita mlangoni na sodiamu. ORS ya mchele imepimwa kwa wagonjwa wa kipindupindu na inafanya kazi vizuri. Bibi anayemkorogea mjukuu uji mwepesi wa mchele na kuutia chumvi kidogo yuko kwenye njia sahihi, na sipendi kumsikia mtaalamu akimgombeza. Kinachoogopesha ni mkono mzito wa chumvi. Pakiti ikikosekana kabisa, kipimo cha nyumbani ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, kwa lita 1 ya maji safi. Chumvi ikizidi, mtoto anapata lile la mrija wa tatu: maji yanatoka kwenye seli zake, ubongo unasinyaa, na hali hiyo ni mbaya kuitibu.

"Lakini anatapika yote, sista." Hili ndilo linalowakatisha tamaa akina mama wengi, na mara nyingi nikikaa pembeni naona sababu. Mtoto ana kiu kali, anashika kikombe kwa mikono miwili, anakimaliza kwa pumzi moja, na tumbo linarudisha. Tunasubiri dakika 10. Kisha kijiko kimoja cha chai, tunahesabu dakika moja au mbili, kijiko kingine. Ni kazi ya kuchosha, hasa saa nane ya usiku, mama mwenyewe hajala. Lakini kijiko kimoja ni maji kidogo yanayokuta milango yote ya utumbo ikiyasubiri, na hayakai tumboni kiasi cha kutapikwa. Ishara ninayoingojea haina makuu. Nabinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, naachia: jioni ilirudi polepole, sasa inarudi mara moja. Mdomo umelowa. Halafu, kama mambo yamekwenda vizuri, mama ananiita akicheka kwamba kanga yake yote imeloa mkojo.

Dripu ina mahali pake, na nisingependa mtu asome hapa akabaki nyumbani na mtoto aliyelegea. Mtoto ambaye hawezi kunywa, aliyepoteza fahamu au haamki vizuri, macho yamedidimia sana, ngozi ikibinywa inakaa zaidi ya sekunde 2 kabla ya kurudi, huyo anahitaji maji ya mshipani sasa hivi, na kila dakika ina thamani. Ila dripu si ya kuombewa tu kwa sababu inatia moyo. Utafiti mkubwa wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Wa kuhara hawakuwemo. Walioongezewa maji mengi kwa haraka walikufa kama 10.5 kwa 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakuongezewa hivyo, 7.3. Chumvi ya kwenye chupa ilikuwa sahihi kabisa, ile ya 0.9 ya Hamburger, na bado maji yale yaliwadhuru. Mlango wa utumbo una faida hii juu ya sindano: unapokea kinachohitajika, na kingine kinapita zake.

Kitu kimoja cha vitendo, kwa kuwa nakiona sana. Pakiti nyingi zinazouzwa kwetu ni za lita 1, lakini chupa kubwa ya maji tunayonunua dukani ni ya lita 1.5, na watu wanamimina pakiti humo moja kwa moja. Wengine wanagawa unga nusu kwa nusu kwenye glasi, kwa kukadiria na macho. Soma kwanza pakiti imeandikwa kiasi gani. Kama ni lita 1, tumia chupa mbili za nusu lita za maji safi, zimimine zote kwenye jagi, tia unga wote, koroga mpaka uishe. Usiongeze sukari ili kinoge, wala usichemshe baada ya kukoroga. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage, koroga kingine. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na ulizia vidonge vya zinki hapohapo unapochukua ORS: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu.